Maji ya Paa na Chungu cha Pombe

Msomaji, huenda nyumbani kwenu lipo tangi la maji, limekaa pembeni mwa nyumba chini ya mfereji wa bati. Mvua za masika zinaponyesha, maji huteremka juu ya paa, yakapita mferejini na kuingia tangini. Maji hayo hupikiwa chakula, hufuliwa nguo, na katika nyumba nyingine hutiwa katika chungu cha pombe. Wapishi wa busaa huukaanga unga wa mahindi uliokwisha kuchachuka, kisha wakautia majini pamoja na kimea cha ulezi. Na maji yatumikayo ni yale yaliyo karibu. Wewe u mwanafunzi, na pombe si kinywaji chako. Tena sheria ya Kenya ya mwaka wa 2010 yakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Walakini habari za maji hayo zakuhusu, kwa kuwa tangi ni la nyumba nzima.

Kwanza na tuulize: Je, maji ya mvua yafaa kwa pombe? Wapishi wa Ulaya walijua tangu zamani kwamba sehemu kubwa ya bia ni maji, na kwamba maji hayalingani. Maji ya visima vya Burton upon Trent, Uingereza, yana jasi nyingi, nayo yaliupatia mji huo sifa kubwa kwa bia yake chungu. Maji ya Plzeň, katika nchi ya Cheki ya leo, ni laini sana, nayo sabuni hutoa povu upesi ndani yake kama katika maji ya mvua. Na huko, katika mwaka wa 1842, ilipikwa bia ya rangi ya dhahabu ambayo imeigwa duniani kote. Basi ulaini wa maji si ila. Ila yaweza kuwa katika njia ambayo maji yameipita.

Sikiliza kisa alichokiandika Benjamin Franklin, mtaalamu na kiongozi mashuhuri wa Marekani, katika barua aliyompelekea rafiki yake mwezi wa Julai 1786, naye ni mzee wa miaka 80. Alisema alisikia habari za jumba moja la Ulaya lililojengwa mahali pa juu mno, hata halikuweza kupata maji ya kisima. Paa lake lilikuwa la risasi, yaani madini yale mazito ya kijivu, na watu wa nyumba walikunywa maji ya mvua yaliyotoka paani na kukusanywa tangini. Miaka kadhaa ilipita, wala hapakuwa na madhara. Kisha miti michanga iliyopandwa karibu na nyumba ikakua, ikalipita paa kwa urefu, na majani yakawa yakianguka juu yake. Mwaka huo jamaa yote ilishikwa na msokoto mkali wa tumbo. Ikadhaniwa kwamba ukali wa majani yale uliila risasi, na sumu yake ikachukuliwa na maji.

Dhana hiyo ina msingi. Maji magumu huacha utando wa chokaa juu ya madini, na utando huo huyakinga. Maji ya mvua hayana chokaa. Yakikaa juu ya risasi, hasa yakitiwa ukali, huiyeyusha kidogo kidogo. Nayo risasi haina harufu wala haiyabadili maji rangi.

Franklin aliyajua mambo hayo tangu ujana wake mjini Boston. Watu wa North Carolina walilalamika kwamba pombe kali iliyotoka New England iliwasokota matumbo na kuwapooza viungo. Vyombo vya kukenekea pombe vilipokaguliwa, vingine vilionekana kuwa na vifuniko na mabomba ya risasi. Ndipo Massachusetts ikavipiga marufuku kwa sheria ya mwaka wa 1723. Huko Uingereza nako, katika mwaka wa 1767, tabibu George Baker alieleza kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwasumbua watu wa Devon yalitokana na risasi iliyotumika katika mashine za kukamulia matofaa ya kutengenezea pombe. Wenyeji wengi walimkasirikia. Lakini risasi ilipoondolewa, maradhi yakapungua.

Labda utasema, "Pombe huchemshwa, na moto huua kila kitu." La, sivyo. Moto huua vijidudu, lakini madini hayafi. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki chunguni, ikazidi kukolea.

Mapaa yetu ni ya mabati yaliyopakwa zinki, si ya risasi. Hata hivyo tusijidanganye. Rangi kuukuu yaweza kuwa na risasi, na pipa lililonunuliwa sokoni huenda lilikuwa na dawa ya sumu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi tangu 2007 hata 2014 kiliwadhuru wenyeji kwa risasi. Na katika mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kuyasifu maji ya tangi lenu, tazama juu. Kata matawi yaliyoinamia paa, safisha mfereji, acha mvua ya kwanza ipite, na uulize pipa lilitoka wapi. Mwishoni mwa barua yake Franklin alisikitika kwamba ubaya wa risasi ulikuwa umejulikana kwa miaka zaidi ya 60, na bado watu hawakuufuata ujuzi huo. Tangu aandike hayo imepita miaka zaidi ya 200. Kujua ni jambo moja, na kupanda ngazi kwenda kulitazama paa ni jambo jingine.