Mshale wa Juu

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Jiwe limerushwa juu, limekwisha toka mkononi na lingali linapanda. Onyesha kani zinazotenda juu yake. Jibu ni mshale mmoja tu, unaoelekea chini, nao ni uzito wa jiwe. (Ukinzani wa hewa tulikubaliana kuusahau.) Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akachora miwili: wa chini ni uzito, na wa juu, mrefu zaidi, akauita kani ya mkono.

Nilikuwa mwalimu kijana, mwenye haraka ya kuonekana mjuzi. Nikainua daftari lake darasa zima lione, nikauliza kama mkono nao umepanda pamoja na jiwe. Wakacheka. Yeye akasimama, akasema, "Lakini mwalimu, kama hakuna kinacholisukuma, linapandaje?" Nikamwambia aketi. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo, aliacha fizikia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha staafu, nilianza kusoma historia ya somo nililolifundisha, na humo nikamkuta mwanafunzi wangu. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba kitu hakiendi bila cha kukiendesha. Nani angembishia? Ng'ombe akisimama, mkokoteni nao husimama. Lakini jiwe likishaachiwa huendeshwa na nini? Alisema ni hewa. Philoponus wa Aleksandria, katika karne ya 6, hakuridhika. Yeye aliona kwamba mkono hulitia jiwe nguvu, nalo huondoka nayo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliendeleza wazo la namna hiyo, na katika karne ya 14 Buridan wa Paris naye akalitetea kwa namna yake.

Aliyenishtua zaidi ni Galileo. Mnamo mwaka 1590, akiwa kijana huko Pisa, aliandika kwamba mkono hulitia jiwe nguvu ambayo hupungua kidogo kidogo, kama chuma kilichotolewa motoni kinavyopoa. Ikilingana na uzito, jiwe hufika kileleni. Ikishindwa, jiwe huanguka. Ndiyo mishale miwili ile ile! Maandishi hayo hakuyachapisha maisha yake yote. Hata mwaka 1604, katika barua kwa rafiki yake Sarpi, alidhani kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa kadiri ya umbali, kumbe ni kwa kadiri ya muda. Ilimchukua miaka ya kuviringisha mipira ya shaba kwenye ubao ulioinamishwa, akipima muda kwa maji yanayochuruzika, hadi kitabu chake kikatoka Leiden mwaka 1638, naye ni mzee wa miaka 74, kipofu, aliyefungiwa nyumbani kwake. Newton akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1687: kitu kinachokwenda huendelea kwenda, na kani huhitajika kuubadilisha mwendo, si kuudumisha.

Kwa hiyo mkono haulipi jiwe kani ya kusafiri nayo, hulipa mwendo. Likiondoka kwa mita 20 kwa sekunde, uzito hulipunguzia takriban mita 10 kila sekunde. Baada ya sekunde moja limebakiwa na 10, baada ya mbili halina kitu. Hapo kileleni jiwe limesimama, ila uzito haukusimama, nao huendelea kuliongezea kasi kwenda chini. Maelezo hayo yangechukua dakika tano. Nilikuwa nayo yote kichwani siku ile, isipokuwa habari ya Galileo.

Nilipata kukutana na yule mwanafunzi mara moja, kituo cha mabasi, kabla sijayasoma haya. Alikuwa mtu mzima mwenye duka la vipuri vya baiskeli. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanipokea mzigo. Tukazungumza habari za watoto wake mpaka basi langu likaja.