Upande Mmoja Umefifia

Enzi za redio ya spika moja, mteja alikuja kwa fundi na malalamiko ya kawaida tu: haisemi, inakoroma, inamaliza betri. Hakuna aliyelalamika kwamba kushoto kunasikika kidogo kuliko kulia, maana kushoto na kulia havikuwepo. Ugonjwa huo uliletwa na stereo.

Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza wa EMI, aliomba hataza ya stereo Desemba 1931. Husimuliwa kwamba alikerwa sinemani: mwigizaji yuko upande huu wa pazia, sauti inatoka ule. Alikufa mwaka 1942 kwa ajali ya ndege akiwa kwenye majaribio ya rada, hata kabla ya santuri za stereo kuingia madukani mwaka 1958. Hesabu yake ilitaka spika mbili zenye nguvu sawa. Moja ikilegea, mwimbaji aliyepaswa kusikika katikati huvutwa kwenye ile yenye nguvu.

Wengi wetu tulikutana na stereo kupitia kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, na njia za kushoto na kulia wakazipanga jirani kwenye mkanda usiofika milimita 4 kwa upana, ili deki ya spika moja izisome zote kwa pamoja. Ni ubunifu ninaouvulia kofia mpaka leo. Ila njia zenyewe ni nyembamba mno, hivyo uchafu kidogo tu kwenye hedi hutosha kuzima upande mmoja. Ndiyo maana mzee aliyenifundisha kazi pale Morogoro alianza kila deki kwa pamba na spiriti.

Akishasafisha, kama tatizo bado lipo, hakushika bisibisi. “Mwanangu, hamisha waya kwanza,” alikuwa akisema. Waya za spika zilibadilishana nafasi nyuma ya amplifaya. Spika ileile ikiendelea kufifia, mgonjwa ni spika au waya wake. Udhaifu ukihamia spika ya pili, spika zote nzima, na hapo alibadilisha waya zinazotoka kwenye deki kuja amplifaya. Ukihama tena, kosa liko kwenye deki au waya zake. Usipohama, ndipo amplifaya ifunguliwe.

Kaseti yake ya kupimia ilikuwa ya nyimbo za zamani zilizorekodiwa kwa njia moja, ambazo sauti lazima isimame katikati. Za stereo hakuziamini, na alikuwa na haki: kwenye santuri ya kwanza ya Beatles ya mwaka 1963, toleo la stereo, vyombo viko kushoto na waimbaji kulia. Mteja asiyejua hilo angeapa redio yake imeharibika.

Kitufe cha balansi kiliwekwa kwa ajili ya msikilizaji asiyeweza kukaa katikati. Watu wakakifanya plasta ya kufunika kidonda, na mimi naona kimewacheleweshea matengenezo wengi. Volyumu nayo ina hila yake. Ndani kuna njia mbili za kaboni kwenye mhimili mmoja, na sauti ikiwa chini kabisa mara nyingi hazilingani. Ongeza kidogo, tofauti ikipotea, usihangaike na spika.

Kisha yakaja masabufa. Mengi ya bei nafuu hutumia aisii ya TDA2030, moja kwa kila upande, kwa hiyo upande mmoja waweza kufa huku mwenzake ukiendelea kupiga kana kwamba hakuna msiba.

Leo balansi imejificha ndani ya mipangilio ya simu, na kidole cha mtoto chatosha kuisogeza. Itazame kabla hujamlipa fundi. Ikiwa iko katikati, badilisha hedifoni: ya kushoto vaa kulia, ya kulia vaa kushoto. Udhaifu ukibaki kwenye sikio lilelile, simu haina kosa. Muone daktari wa masikio.