Fumbo katika Ushairi wa Mombasa

Fumbo ni kauli iliyofungwa makusudi: mwenye siri huifumbua, asiye nayo huambulia maneno tu. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki usemi wa namna hii ulikuwa na daraja zake. Kitendawili kilikuwa cha watoto na cha mazungumzo ya jioni. Mtegaji husema "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!", naye hutaja nyumba yake isiyo na mlango. Wakishindwa kujibu kwamba ni yai, hudai apewe mji kwanza ndipo akitegue. Kinyume kilitaka ulimi mwepesi zaidi. Silabi ya mwisho ililetwa mbele, kitabu kikawa bukita, na watu wakasengenya mbele ya mgeni bila yeye kung'amua.

Fumbo la kishairi lilizidi hayo kwa uzito, kwa kuwa halikuvuruga lugha. Kila neno lilieleweka. Kilichofichwa ni nani anasemwa, na kwa kosa gani. Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 19 iliuhitaji sana usemi huo. Mji ulikuwa chini ya Mazrui, waliokataa kuwatii Busaidi wa Oman, na kumtaja mkubwa kwa jina kulikuwa hatari. Shairi la mishororo minne, kila mmoja mizani 16, lilitosha kupeleka ujumbe. Aliyelengwa hakuweza kulalamika bila kukiri kwamba kofia imemkaa. Akitaka kujibu, ilimpasa ashike vina vilevile, na wasikilizaji wakapima papo hapo nani kazidiwa.

Gwiji wa sanaa hiyo alikuwa Muyaka bin Haji. Mnamo 1812 hivi, Mombasa na Pate zilipopigana na Lamu katika vita vya Kuduhu huko Shela, malenga wa pande mbili walirushiana beti: Muyaka upande wa Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu. Humo mna vitisho, kejeli na tambo, vingi vikiwa vimefumbwa. Lamu ilishinda, kisha ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Mwaka 1837 mtawala huyo aliitia Mombasa mkononi, na Muyaka alifariki miaka michache baadaye.

Udhaifu wa fumbo ni kwamba kisa chake kikisahauliwa, ubeti hubaki mzuri lakini bubu. Beti za Muyaka zilihifadhiwa vichwani mwa watu, na zingeweza kufikia hali hiyo kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Alizikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akamweleza mmishonari Mwingereza W. E. Taylor nani alisemwa na kwa sababu gani. Maelezo hayo, pengine, yana thamani sawa na mashairi yenyewe.

William Hichens alitoa diwani ya beti hizo Johannesburg mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz aliichambua upya katika kitabu cha 1979, akiziweka beti katika siasa na maisha ya mji uliozizaa. Za Kuduhu zilisubiri hadi 1995, Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipochapisha kauli za Mombasa na majibu ya Lamu katika kitabu kimoja.