Bert Williams: mtu mweusi aliyelazimika kujipaka weusi

Tarehe 27 Februari 1922, mji wa Detroit, Marekani. Mchekeshaji anaanguka jukwaani katikati ya shoo. Watu wanacheka. Anasaidiwa kutoka, bado wanacheka, wanadhani ni sehemu ya mchezo. Kumbe jamaa ana nimonia. Siku 5 baadaye amefariki New York, akiwa na miaka 47.

Anaitwa Bert Williams. Kama hujawahi kumsikia, usijali, hata mimi nilimjua juzi tu, saa nane usiku, nikitafuta kitu kingine kabisa kwa simu. Tangu hapo sijatulia.

Wacha nianze mwanzo. Bert alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka wa 1874. Familia yao ikahamia Marekani akiwa mtoto, wakaishia California. Mwaka wa 1893, huko San Francisco, akakutana na George Walker, kijana mwingine mweusi kutoka Kansas. Wakawa timu. Mfukoni hawakuwa na kitu.

Sasa lazima uelewe komedi ya Marekani wakati huo. Tangu miaka ya 1830, wazungu walikuwa wanachoma kizibo cha chupa, wanajipaka yale masizi usoni, wanachora midomo mikubwa, halafu wanaigiza mtu mweusi: mvivu, mjinga, mwizi wa kuku. Watu walipenda huo upuzi hadi mtu mweusi mwenyewe akitaka jukwaa, alitarajiwa kuigiza yule mweusi wa kubuniwa.

Bert na George wakapiga hesabu. Kama mzungu analipwa kujifanya sisi, si sisi ndio wenyewe? Wakajitangaza kwa lile tusi lenyewe walilokuwa wanaitwa weusi, wakaongeza neno "halisi". Ndiyo, walijitusi kwa bango ili wapate kazi.

Na hata Uafrika waliuigiza. Mwaka wa 1894 kulikuwa na maonyesho makubwa San Francisco. Watu wa Dahomey, Benin ya leo, walichelewa kufika, kwa hivyo waandaaji wakaajiri weusi wa hapo hapo wajifanye Waafrika. Bert na George walikuwa ndani. Waafrika wenyewe walipotua, hawa wawili wakaambiwa asanteni, kwaheri. Lakini Walker alisimulia baadaye kwamba walirudi kuwatazama, na wakaamua kuwa siku moja wataleta mambo ya Afrika kwa shoo zao.

Karibu mwaka wa 1896, Detroit hiyo hiyo, Bert akajipaka masizi kwa mara ya kwanza, kama mzaha tu. Umati ukavunjika mbavu. Kumbuka huyu alikuwa mtu wa maji ya kunde, mrefu, mpole, msomaji wa vitabu, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka. Jukwaani akawa mtu wa kukokota miguu, anayeongea kama lugha inamshinda, bahati mbaya inamfuata kila mahali. Yeye mwenyewe aliandika kwamba ucheshi wake ulikomaa alipoweza kujiona kama mtu mwingine.

Hapo ndipo nilikwama, wasee. Kwa sababu hiyo hisia naijua.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nikakaa miezi nikirekodi klipu za maana, historia, siasa, hakuna aliyetazama. Siku moja nikavaa koti kuukuu, nikaiga lafudhi ya kwetu, jamaa ametoka ushago anashangaa lifti. Ikasambaa kuliko kitu chochote nimewahi kufanya. Mjomba wangu akanipigia simu, akacheka sana. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani hivyo ndivyo tunasikika?"

Sikuwa na jibu. Klipu bado iko. Ndiyo ililipa kodi ya nyumba.

Turudi kwa Bert. Ule mlango mchafu alioingilia ulimfikisha mbali. Mwaka wa 1903 yeye na Walker walileta In Dahomey New York, shoo nzima ya muziki iliyoandikwa na kuigizwa na weusi, ndani ya ukumbi mkubwa wa Broadway. Haikuwa imewahi kutokea. Mwaka huo huo wakaipeleka London, wakaigiza hadi kwa ua wa jumba la mfalme, Buckingham. Ndoto ya wale vijana wa San Francisco, ona ilifika wapi.

Walker akaugua, akafariki 1911. Bert alikuwa ameshaanza kusimama peke yake. Mwaka wa 1910 aliingia Ziegfeld Follies, shoo kubwa kabisa New York, mweusi kati ya wasanii wazungu. Baadhi yao walitisha kuondoka. Ziegfeld hakumwachilia. Bert mwenyewe alikuwa mwangalifu, hakutaka kuachwa jukwaani peke yake na mwanamke mzungu. Huo ulikuwa wakati ambapo mweusi alinyongwa na umati kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Eddie Cantor, aliyefanya kazi naye, alisimulia kwamba usiku mmoja baada ya shoo walifika hotelini, Bert akaambiwa apande lifti ya nyuma. Akamwambia Cantor kwamba isingeuma hivyo, kama makofi ya ukumbini hayangekuwa bado yanalia masikioni mwake.

Soma hiyo tena. Watu walewale waliosimama kumpigia makofi hawakutaka kusimama naye kwa lifti.

Ni rahisi kumhukumu tukiwa hapa, miaka mia moja baadaye, na simu mkononi. Mimi siwezi. Ndani ya yale masizi alikuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa na mchezo wa kamari anaocheza peke yake bila kusema neno, bila karata, na unajua kila mchezaji ana nini mkononi. Lakini umati uliomzoea hivyo haukumpa nafasi ya kupanda na uso wake.

Kuna filamu aliyorekodi 1913, karibu waigizaji wote weusi, haikukamilishwa. Ilikaa kwenye makopo hadi jumba la makumbusho la sanaa la MoMA, New York, likaionyesha 2014. Kwa sababu haikuhaririwa, unaona hata ile mikato ya katikati, watu wakisubiri kamera, wakiongea na kucheka. Bert yuko hapo, masizi usoni, lakini haigizi mtu yeyote. Amesimama tu, ametulia.

Hiyo ndiyo sehemu nimerudia mara nyingi zaidi.

Kesho nampigia mjomba. Bado sijui kama nitaifuta ile klipu. Nyinyi mngefanya nini? Niambieni hapo chini, na msinidanganye.