Mhunzi wa Kilimanjaro na Kazi Yake

Watu wakitaja sifa za Wachaga, hutaja migomba, kahawa, na mifereji ya maji iteremkayo kutoka msituni. Ni wachache wamkumbukao mhunzi. Walakini pasipo mhunzi, mkulima angalifyekaje kihamba chake, na askari wa mangi angalisimamaje mpakani? Basi yafaa tuzitazame habari zake tangu zamani hata leo, maana ndani yake mna fundisho kwa vijana wetu.

Kwanza tuulize, chuma kilitoka wapi? Kilimanjaro ni mlima uliotokana na moto wa chini ya nchi, na wahunzi wake kwa sehemu kubwa hawakuyeyusha chuma wao wenyewe. Walikipata kwa jirani zao wa Upare wa Kaskazini, hasa Ugweno na Usangi. Huko mvua huosha miamba, na vijito huchukua mchanga mweusi mzito, ukakaa penye maji matulivu. Mchanga huo ukiwa safi, katika kila ratili 100 chuma chenyewe ni ratili 72 hivi. Wapare waliukusanya, wakauosha ili mchanga mwepesi uchukuliwe na maji, wakautia katika tanuu ya udongo pamoja na makaa, wakavukuta kwa saa nyingi.

Msomaji asidhani ya kuwa chuma kilitiririka kama maji. Ili kitiririke chahitaji moto wa digrii 1,500 na zaidi, nao haukupatikana kwa mvukuto wa ngozi. Lakini moto wa digrii 1,200 watosha kwa kazi nyingine: makaa huiondoa hewa iliyoshikamana na chuma ndani ya mchanga, takataka huyeyuka na kuchuruzika, na chuma hubaki bonge lenye matundu kama sifongo. Bonge hilo lilipigwa lingali na moto mpaka taka zilizosalia zikatoka. Ndicho chuma kilichopelekwa masokoni, kikabadilishwa kwa mifugo na vyakula.

Huko Ugweno wafua chuma walikuwa ukoo wa Washana, na mapokeo ya Wagweno yasema ya kuwa hao ndio waliotawala nchi zamani. Baadaye ukoo wa Wasuya, wakiongozwa na Angovi, waliwapindua, na Mranga mwanawe akaitengeneza nchi upya. Washana wakaachiwa nyundo, wakanyang'anywa enzi. Twaona basi ya kuwa watu wa kale waliufahamu sana uwezo wa chuma: mwenye kukifua aliweza kutawala, na mwenye kutawala alimwogopa mwenye kukifua.

Kilimanjaro wahunzi hawakuwa watawala, bali walikuwa koo za peke yao, na nchi ya Mamba, upande wa mashariki ya Marangu, ilipata sifa kwa kazi hiyo. Vyombo vyao vilikuwa vichache. Mvukuto ulikuwa mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja una vijiti viwili mdomoni vya kuufungua na kuufunga. Mvukutaji aliinua mmoja huku akiukandamiza wa pili, ili upepo usikatike. Nao ulipita katika kewa ya udongo mpaka kwenye makaa. Fuawe ilikuwa jiwe gumu, na nyundo ilikuwa jiwe au kipande cha chuma kizito. Pamoja na hivyo palikuwa na koleo na maji ya kuzamishia, basi.

Bwana Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, alistaajabu ya kuwa kwa vyombo vichache namna hiyo wahunzi hao walifua mikuki mizuri na mikufu myembamba. Hakika kipimo chao kilikuwa jicho. Hawakuwa na chombo cha kupimia moto, bali waliisoma rangi: chuma chekundu kama damu bado kigumu kufuliwa, kikiwa cha rangi ya chungwa hutii nyundo, na kikikaribia weupe, vipande viwili huweza kupigwa pamoja vikawa kimoja. Elimu hiyo haikuandikwa. Baba alimfundisha mwana kwa kumwekea mvukuto mkononi miaka mingi kabla ya kumpa nyundo.

Lakini mhunzi hakupendwa kama ilivyostahili. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 akaishi huko miaka mingi, aliandika mwaka 1912 makala nzima juu ya mhunzi katika mawazo ya Wachaga. Twajifunza ya kuwa nyundo ilihesabiwa kuwa na nguvu ya kubariki na ya kulaani. Mwenye kudhulumiwa alimwendea mhunzi ili amlaani mdhalimu kwa nyundo. Na mzazi alimwendea huyo huyo ili ampatie mtoto wake kikuku cha chuma cha kumlinda. Tena watu wa koo nyingine waliogopa kuoa binti wa mhunzi, wakidhani ataleta mauti nyumbani. Hivyo mtu yule yule alitafutwa mchana na kukwepwa jioni. Na hofu hiyo iliifunga elimu ndani ya ukoo: wa nje hakutaka kuingia, wala wa ndani hakutaka kuitoa.

Kisha nyakati zikageuka. Misafara ya pwani ilileta nyuzi nene za chuma na za shaba, na mhunzi akaanza kununua chuma kilichokwisha kuyeyushwa ng'ambo. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, majembe na mapanga ya viwandani yakafika kwa wingi na kwa bei nafuu. Tanuu za Upare zikazimika moja baada ya moja. Kazi iliyolisha soko la nchi nzima ikawa hadithi ya wazee.

Mhunzi wa Mamba hakuzimika. Sababu ni nini? Ni kwamba yeye hakufungamana na mchanga wa Upare, bali na nyundo yake. Chuma cha zamani kilipokwisha, alitafuta kingine. Magari yalipoingia, yalileta pia vyuma vyake vibovu, na springi ya gari ni chuma bora kuliko kile cha tanuu: huwa kigumu kikizamishwa, na kikipashwa tena kidogo hupunguza wepesi wa kuvunjika. Hata leo wapo Mamba wafuao kwa mvukuto wa ngozi ya mbuzi, nao hutoa visu, kengele na mikuki ya Kimasai katika vyuma chakavu.

Na mjini Moshi wamezaliwa wahunzi wa namna mpya. Mwaka 1973 serikali iliunda shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililo na kazi zake Moshi pia; na katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Bulgaria, kikajengwa katika nchi ya Hai kiwanda cha kutengeneza mashine zenyewe, kama za kukerezea na kutobolea chuma. Lakini karakana nyingi ni za uani, chini ya bati: jiliwa juu ya benchi, keekee, tupa, msumeno, na mashine ya umeme ya kuchomelea. Humo hutengenezwa mageti, madirisha na matela, na mashine ya mkono ya kumenya kahawa iliyovunjika hupata jino jipya. Mwenye benchi hiyo hahitaji tena kuzaliwa katika ukoo fulani, wala hakuna aogopaye kumwoza binti.

Hata hivyo mambo mawili ya kale yangalipo. La kwanza ni dharau. Bado wako wazazi wasemao ya kuwa mtoto aliyeshindwa darasani apelekwe gereji, kana kwamba huko hakuhitajiwi akili. Yule asomaye rangi ya moto hufanya kazi ya akili kama asomaye kitabu. La pili ni kimya. Fundi wa leo, kama Mshana wa kale, hufundisha kwa jicho na mkono tu. Akifa, nusu ya elimu yake huzikwa pamoja naye. Wapare walipoacha kuyeyusha mchanga, mengi yalipotea: kiasi cha makaa, saa za kuvukuta, dalili za tanuu iliyo tayari.

Basi ninyi vijana mliojaliwa kusoma na kuandika, kazi hii ni yenu. Nendeni Mamba, nendeni Ugweno, ketini karibu na wazee wenye kukumbuka, mkaulize na kuandika. Wahenga walisema, udongo uuwahi ungali maji. Nasi tuseme ya kuwa chuma nacho hufuliwa kingali na moto. Kikipoa, nyundo hupigwa bure.