Maji ya Nazareti: Ben-Hur ya 1907 na Ben-Hur ya 1925

Kipindi cha ushuhuda ni kipindi ambacho wengi wetu hukipenda katika ibada. Mtu anasimama, anaeleza alivyoonewa, alivyofukuzwa kazi, alivyodharauliwa na ndugu zake, kisha anafika mahali ambapo Bwana alimwinua, na wale waliomcheka sasa wanakuja kwake kuomba msaada. Vigelegele vinapigwa, naye anaketi. Sisemi kwamba ushuhuda wa namna hiyo ni wa uongo. Lakini kwa muda mrefu nimejiuliza kama huwa tunaumalizia mahali pake. Swali hilo lilinirudia kwa nguvu nilipolinganisha filamu mbili za zamani, zote zisizo na sauti, zote zikisimulia kisa kimoja cha Ben-Hur. Ya kwanza ni ya mwaka 1907, na ya pili ni ya mwaka 1925.

Kisa chenyewe kilitoka katika kitabu. Mwandishi wake, Lew Wallace, alikuwa jenerali upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1876 alisafiri kwa treni pamoja na Robert Ingersoll, msemaji mashuhuri aliyejulikana kwa kuipinga dini. Wallace mwenyewe alieleza baadaye kwamba mazungumzo ya safari ile yalimwachia aibu: aliona kwamba hakuwa na jibu, kwa kuwa hakuwahi kujishughulisha kujua habari za Kristo. Akaanza kusoma. Sehemu za mwisho za kitabu alizimalizia Santa Fe, alipokuwa gavana wa eneo la New Mexico, na mwaka 1880 kitabu kikachapishwa. Jina lake kamili lilikuwa Ben-Hur, na chini yake maneno yenye maana ya "Hadithi ya Kristo". Msomaji ayakumbuke maneno hayo, kwa sababu ndiyo kipimo tutakachotumia kuzipima filamu zote mbili.

Kwa ufupi kisa ni hiki. Yuda Ben-Hur ni kijana wa ukoo wa kitajiri wa Yerusalemu. Siku liwali wa Kirumi anapopita, kigae cha paa kinateleza chini ya mkono wa Yuda na kumjeruhi liwali. Ilikuwa ajali, lakini Messala, Mrumi aliyekuwa rafiki yake wa utotoni, hamtetei. Yuda anapelekwa utumwani kupiga makasia katika merikebu za vita, na mama yake na dada yake wanatiwa gerezani, ambako wanapata ukoma. Katika vita vya baharini Yuda anamwokoa mkuu wa Kirumi aitwaye Arrius, naye anamfanya mwanawe. Baadaye anakutana na Messala katika mashindano ya magari ya farasi, na kumshinda.

Mwaka 1907 kampuni ya Kalem ya New York iligeuza kisa hiki kuwa filamu. Mwelekezi alikuwa Sidney Olcott, na aliyeandika mpangilio wa matukio alikuwa Gene Gauntier. Filamu ilitoshea katika mkanda mmoja, muda wa kama robo saa hivi. Siku hizo kamera ilisimamishwa mahali pamoja, mbali kidogo, kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake akitazama. Waigizaji waliingia na kutoka mbele yake, na magari ya farasi yalipita, yakapotea, yakarudi tena. Maandishi machache kati ya matukio yalimweleza mtazamaji yuko wapi.

Ukiyafuata matukio hayo unaona wazi kilichochaguliwa. Yerusalemu inanung'unikia utawala wa Rumi. Kigae kinaanguka. Ben-Hur anafungwa minyororo na kupelekwa merikebuni. Anafanywa mwana na Arrius. Anapambana na Messala katika mashindano. Anashinda. Mwisho. Hadithi ya Kristo imesimuliwa, na Kristo hayumo. Hakuna Bethlehemu wala njia ya msalaba. Hakuna hata wale wanawake wawili wakiponywa.

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu. Robo saa ni muda mfupi, na watazamaji wengi wa Marekani walikuwa wamekwisha kukisoma kitabu au kukiona jukwaani. Jukwaani napo palikuwa na jambo la kujifunza. Wallace alikataa kwa miaka mingi kisa chake kisiigizwe, kwa sababu hakutaka mwanadamu yeyote asimame mbele ya watu akijifanya Kristo. Alipokubali, na mchezo ukaanza New York mwaka 1899, ilikuwa kwa sharti kwamba mahali pa Kristo pataonyeshwa mwali wa mwanga tu. Kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba Kalem nao walimwacha Kristo nje kwa heshima. Lakini kuficha uso si sawa na kumwondoa mtu. Mwali ule wa jukwaani uliwaambia watu, "Yuko hapa, ila hatuthubutu kumwigiza." Filamu ya 1907 haikuacha hata nafasi ya mwali.

Tena kulikuwa na kosa lingine, la wazi zaidi. Kalem hawakuomba ruhusa ya mtu yeyote. Katika miaka hiyo watengenezaji wa filamu walichota visa vitabuni kama mtu achotavyo maji mtoni. Wachapishaji wa kitabu na wenye haki za mchezo wa jukwaani walikwenda mahakamani, na shauri likafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1911 Jaji Oliver Wendell Holmes alitoa uamuzi wa mahakama hiyo: kisa kinaweza kuigizwa hata bila neno kusemwa, na aliyetengeneza filamu na kuitangaza kwa jina la kisa hicho hawezi kujificha nyuma ya wale walioikodi na kuionyesha. Kalem walilipa dola 25,000, na tangu hapo wenye filamu nchini humo walijua kwamba hadithi ina mwenyewe. Ni ajabu kwamba kitabu kilichoitwa Hadithi ya Kristo ndicho kilichowakumbusha watu wa sinema amri ya nane.

Hata hivyo habari za watu wale hazikuishia hapo. Olcott na Gauntier baadaye walisafiri hadi Misri na Palestina, na mwaka 1912 Kalem wakatoa filamu ya maisha ya Yesu, tangu horini hadi msalabani. Gauntier ndiye aliyeandika mpangilio wake, na mwenyewe akaigiza kama Mariamu. Walewale waliompita Yesu mwaka 1907 wakaenda miaka mitano baadaye kumtafuta katika nchi yake.

Sasa tuje kwenye filamu ya pili. Safari hii haki zilinunuliwa, na kwa bei kubwa sana. Kazi ilianzia Italia, ikaenda vibaya. Mwelekezi wa kwanza akaondolewa, mwigizaji mkuu akabadilishwa, na mwishowe kampuni ya MGM ikairudisha kazi California. Fred Niblo akawa mwelekezi, Ramon Novarro akawa Ben-Hur, na Francis X. Bushman akawa Messala. Uwanja mkubwa wa mashindano ulijengwa, na siku ya kupiga picha ya mashindano kamera 42 zilitumika. Gharama zote zilikaribia dola milioni 4, na hakuna filamu isiyo na sauti iliyogharimu zaidi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 30 Desemba 1925, na urefu wake ulizidi saa mbili.

Hii nayo si filamu ya watakatifu. Farasi walikufa ili watu wafurahie mashindano, na fedha zilitapanywa. Lakini ndani yake kimerudishwa kile ambacho ya 1907 ilikiruka, na kimerudishwa kwa adabu ileile aliyoitaka Wallace. Uso wa Kristo hauonekani. Tunaona mkono tu. Baadhi ya sehemu zinazomhusu zimetiwa rangi, wakati sehemu kubwa ya filamu haina rangi.

Nataka tusimame kwenye tukio moja. Katika filamu ya 1907, Ben-Hur anafungwa minyororo na mara yuko merikebuni. Katika ile ya 1925, kama ilivyo kitabuni, kati ya minyororo na merikebu kuna njia, na njia hiyo inapita Nazareti. Wafungwa wanafika wamekauka kwa kiu. Askari anamnyima Ben-Hur maji. Karibu na hapo kuna mtu anayefanya kazi ya useremala. Tunauona mkono wake. Mkono unaacha kazi, unamletea mfungwa maji, naye anakunywa. Haponywi. Minyororo haifunguki. Anapelekwa utumwani vilevile, na miaka ya mateso inamngoja mbele. Amepewa maji tu.

Kwa mwenye haraka, tukio hilo ni la kukatwa, maana halisogezi kisa mbele. Ben-Hur angefika merikebuni hata bila maji yale. Na hapo ndipo tofauti ya filamu hizi mbili inapokuwa tofauti ya imani. Ukiyakata maji ya Nazareti, kinachobaki ni habari ya mtu hodari aliyeonewa, akavumilia, akalipiza kisasi. Ukiyaacha maji, kisa chote kinageuka kuwa habari ya mtu aliyefuatwa na rehema kabla hajajua jina la mwenye rehema.

Na tukumbuke ushindi wenyewe ulikuwaje. Kitabuni Wallace hafichi: Ben-Hur alivuta hatamu kidogo kwa makusudi, na ncha ya chuma ya ekseli yake ikalivunja gurudumu la Messala. Watu uwanjani hawakuliona jambo hilo, walishangilia tu. Messala akawa kilema, na mali yake ikapotea. Kwa hiyo palepale filamu ya 1907 inaposema "mshindi", mwandishi wa kisa anatuonyesha mtu ambaye moyo wake bado umefungwa. Kitabu kina sehemu 8, na mashindano yanaisha katika sehemu ya 5. Baada ya vigelegele, Ben-Hur bado ana chuki, na anakusanya majeshi akidhani Mfalme wa Wayahudi atahitaji panga. Sehemu tatu zilizobaki ni za kumfundisha kuziweka panga chini.

Filamu ya 1925 nayo inavuka ng'ambo ya mashindano. Tunamwona Ben-Hur akiandaa jeshi. Tunawaona mama na dada wakitolewa katika bonde la wakoma na kukutana na yule anayebeba msalaba, naye, akiwa njiani kwenda kufa, anawaponya. Kitabuni kuna jambo jingine linalonigusa zaidi: chini ya msalaba Ben-Hur anayakumbuka maji ya Nazareti, anaichovya sifongo katika siki, na kukimbia kumnywesha aliyemnywesha. Hapo ndipo tunajua kwamba ameelewa. Kushinda mbio hakukumfikisha hapo.

Nimesema filamu ya 1925 ilirudisha kilichoachwa, lakini lazima niongeze neno moja. Hata yeye ilitumia kamera 42 kwa mashindano, na mpaka leo ukimtajia mtu Ben-Hur atakuambia habari za farasi. Mkono wa seremala haujulikani sana. Macho yetu ndivyo yalivyo: yanapenda magurudumu yanayovunjika. Ndiyo maana Bwana wetu, katika Mathayo 10:42, alitaja maji ya baridi anayopewa mmoja wa wadogo na kuahidi kwamba hata hayo hayatapotea. Alijua kwamba sisi tungeyasahau.

Basi nirudi kwenye ushuhuda. Tunaposimama mbele ya kanisa na kumalizia pale ambapo adui ameanguka, tunasimulia kama Kalem walivyosimulia mwaka 1907: matukio yote ni ya kweli, lakini Kristo ameondolewa, hata kama jina lake tumelitaja mwanzo na mwisho. Namjua mtu aliyeshinda kesi ya shamba dhidi ya ndugu yake, akatoa sadaka ya shukrani, nasi tukampigia makofi. Hatukumwuliza kama yeye na ndugu yake wanasalimiana. Hawakusalimiana mpaka mmoja wao akazikwa. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Mtume Paulo, katika Warumi 12, anatuambia tumwachie Mungu kisasi, na adui akiwa na kiu tumpe maji. Huko ndiko hadithi ya Kristo inakoelekea, ng'ambo ya mashindano. Safari nyingine tutakapomsikia mtu akishuhudia, au zamu yetu ikifika, tuulize maswali mawili ya wazi. Ni nani aliyenipa maji nilipokuwa bado kwenye minyororo? Na yule niliyemshinda, je, naye amekwisha kunywa?