Nywila, Orodha na Tiketi

Ninatunza seva ya mafaili katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Kauli ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa wafanyakazi wenzangu ni kwamba ulinzi ukizidi, kazi hukwama. Historia ya kazi hii inanifundisha vingine: ulinzi uliodumu ni ule uliomrahisishia mtu kazi.

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mafaili ya wote yalihifadhiwa pamoja, kila mtumiaji alipewa nywila. Nywila zenyewe zilikaa katika faili moja, zikisomeka waziwazi. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyegawiwa saa nne tu za kompyuta kwa wiki, aliagiza faili hilo lichapishwe, akalipata, akaendelea na kazi kwa saa za wenzake. Mwaka 1966 mafaili mawili yalibadilishana nafasi kwa hitilafu ya programu, na kila aliyeingia akaoneshwa nywila za watu wote mahali pa tangazo la siku.

Mradi uliofuata, Multics, ulioanza katikati ya miaka ya 1960, uliliwekea kila faili orodha yake: nani asome, nani aandike. Orodha ya namna hiyo ndiyo ninayoipanga hadi leo.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliokuwa miongoni mwa wajenzi wa Multics, walichapisha makala ya kanuni za ulinzi. Mbili kati ya hizo naziheshimu kuliko zote. Ya kwanza, mtu apewe ruhusa inayotosha kazi yake, isizidi. Ya pili, ulinzi uwe mwepesi kiasi kwamba mtu ataufuata kwa mazoea.

Miaka mitatu baadaye, Schroeder huyohuyo na Roger Needham walieleza namna kompyuta mbili zinavyoweza kuthibitishana kupitia mtandao usioaminika. Juu ya wazo hilo, mradi wa Athena, ulioanza MIT mwaka 1983, ulijenga Kerberos. Mtumiaji huandika nywila mara moja, nayo haisafiri mtandaoni. Hupewa tiketi yenye muda maalumu, na kwa tiketi hiyo kompyuta yake humwombea ruhusa kwenye kila seva anayoihitaji. Windows 2000 ilipoichukua Kerberos, utaratibu huo ukaingia katika maofisi ya kawaida duniani.

Ofisini kwetu, mhasibu huingia asubuhi kwa nywila moja. Folda za malipo humfungukia. Majalada ya watumishi hayamfungukii. Ruhusa nazipanga kwa makundi ya kazi, hivyo anayehamia idara nyingine namtoa kundi moja na kumwingiza jingine, basi. Vikaratasi vya nywila vilivyokuwa vikibandikwa pembeni mwa skrini vimeondoka bila waraka wa kuvikataza, kwa sababu hakuna tena anayevihitaji.

Ndiyo maana mtu akipita njia ya mkato, kabla ya kumkaripia naikagua kwanza njia halali niliyompa. Ikiwa ni ndefu kuliko kazi yenyewe, wajibu wa kuifupisha ni wangu.